TUMBAWE SI UA LA KUCHUMA: TUSUBIRI KABLA YA KUJAZA TANGI

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu



Tangu muhula huu uanze, gumzo shuleni ni moja tu. Ukiingia bwaloni, ni tangi. Ukienda kufua, ni tangi. Hata wale ambao hawajawahi kukanyaga maabara kwa hiari yao sasa wana maoni juu ya tangi! Kwa faida ya wageni watakaosoma jarida hili, nieleze kwa ufupi. Wenzetu wa chama cha sayansi wamependekeza tujenge tangi kubwa la kioo, tulijaze maji ya bahari, tutie samaki na matumbawe, ili wazazi wakija mwezi wa Februari waione bahari ikiwa imekaa mezani. Wazo ni zuri na mimi naliunga mkono. Ninalolipinga ni lile lililoongezwa mwisho wa mkutano na kupigiwa makofi mengi: kwamba matumbawe yatafutwe mara tu shule ikifunguliwa Januari, yanunuliwe au yaletwe vyovyote vile, mradi yawemo kabla ya wageni kufika. Yaani wiki tano au sita tu!

Msimamo wangu ni huu: tangi lijengwe, lakini tumbawe lisiingie humo kabla ya mwaka mzima kupita. Najua wapo watakaonicheka. Nawaomba wasome hadi mwisho kwanza, halafu wacheke.

Kwanza kabisa, tujue tumbawe ni nini. Wengi wetu tumezaliwa hapa hapa, Malindi, Watamu, Takaungu, Vipingo, na bado ukituuliza tutasema tumbawe ni jiwe. Wengine watasema ni mmea, kwa sababu lina matawi na rangi. La hasha! Tumbawe ni mnyama, au tuseme ni mji wa wanyama. Kila mkaazi wa mji huo ni kijinyama kidogo kiitwacho polipu, chenye kinywa na mikono midogo ya kunasia chakula. Kijinyama hicho hujijengea nyumba ya chokaa kutokana na madini yaliyo majini. Na ndani ya mwili wake kumepanga wapangaji: mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Mwani huo hutengeneza chakula kwa nguvu ya jua na kumpa mwenye nyumba sehemu kubwa ya chakula hicho kama kodi. Rangi nyingi tunazoziona zinatokana na wapangaji hao.

Sasa maji yakipata joto kupita kiasi, kiasi cha nyuzi moja tu ya Selsiasi juu ya joto la juu la kawaida kwa wiki kadhaa, mwenye nyumba na wapangaji hukosana. Mwani hutoka, tumbawe hubaki jeupe kama chokaa, na lisipopata nafuu mapema hufa kwa njaa. Hiyo si hadithi ya vitabuni. Mwaka 1998, wakati wa joto la El Niño, ndivyo ilivyotokea katika bahari yetu hii. Sehemu nyingi za miamba ya Malindi na Watamu zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yaliyo hai. Joto lilirudi tena mwaka 2016, na tena mwaka 2024 ambapo miamba ya dunia nzima iliathirika.

Kama bahari yote hiyo, kubwa na yenye mikondo, ilishindwa kuyaokoa matumbawe kwa nyuzi moja au mbili za joto, je, tangi la lita 200 ndani ya maabara yenye paa la mabati litaweza? Tena mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imeshika kasi, bahari yenyewe ikielekea joto lake kubwa la mwaka la mwezi wa Machi na Aprili! Wenzangu, hapo hata sisi wenyewe huwa tunatafuta kivuli.

Pili, tufikirie umri. Matumbawe ya matawi, yale yanayofanana na pembe za paa, hukua haraka kidogo, yakipata nafasi nzuri yaweza kurefuka sentimita 10 kwa mwaka. Lakini yale ya duara, makubwa kama majabali, hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Lile la kulingana na kimo chako basi ni babu wa babu yako. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha utafiti wao juu ya tumbawe moja la Malindi lenye umri wa takriban miaka 300. Walilitoboa wakatoa kipande chembamba, wakasoma tabaka zake kama vile mtu asomavyo pete za shina la mti. Wakakuta humo habari za mto Sabaki: tangu mwanzo wa karne ya 20, udongo unaosombwa kutoka bara na kumwagwa baharini umeongezeka sana, kwa sababu ya ardhi kulimwa na kuachwa wazi. Tumbawe hilo lilikuwa likiandika daftari lake kimya kimya kabla hata reli haijafika Nairobi. Kitu cha namna hiyo hukitoi mahali pake kwa sababu tu wageni wanakuja Ijumaa.

Tatu, na hapa ndipo penye fundo lenyewe, kuna suala la maji. Watu hudhani maji ya bahari ni maji ya bahari tu, uyachote kwa ndoo, uyamimine ndani ya kioo, basi. Lakini tangi jipya ni kama kijiji kisicho na choo. Samaki anakula, anatoa uchafu. Chakula kinabaki, kinaoza. Vyote hivyo hutoa amonia, ambayo ni sumu. Baharini hilo si tatizo, kwa sababu maji ni mengi na kuna bakteria juu ya kila jiwe na kila punje ya mchanga wanaofanya kazi ya kusafisha. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ina madhara. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, yenye nafuu kubwa. Katika tangi jipya bakteria hawa ni haba. Lazima wazaliane kwanza, na kazi hiyo kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Huwezi kuwahimiza kwa kengele wala kwa kiboko.

Na hata wiki hizo zikiisha, tangi linakuwa tayari kwa samaki mmoja au wawili wagumu, si kwa matumbawe. Baada ya hapo huja majira ya mwani: kioo hugeuka kahawia, kisha kijani, mawe huota ndevu. Mtu asiye na subira hukata tamaa hapo au humwaga maji yote na kuanza upya, na akianza upya amewatupa na bakteria wake. Mwenye subira hupunguza chakula, hubadilisha maji kidogo kidogo, na baada ya miezi tangi hutulia lenyewe. Wazoefu wa kazi hii duniani hushauri mtu angoje miezi mingi kabla ya kutia matumbawe yaliyo laini wa kufa, tena aanze na yale mepesi kutunza.

Mzee mmoja wa Jakarta aitwaye Lee Chin Eng alijulikana miaka ya 1960 kwa kutunza matangi ya bahari kwa vitu vichache: maji safi ya bahari, mawe yenye uhai, mwanga, na viputo vya hewa. Watu husema, 'Si unaona, ni rahisi!' Mimi nasema ni rahisi kwa aliyeyajua maji yake kwanza. Je, sisi tunayajua maji yetu?

Hebu tujiulize. Maji ya bahari huwa na chumvi ya kama gramu 35 katika kila kilo moja. Maji yakikauka kwa joto, chumvi haiondoki nayo; inabaki na kuzidi ukali kila siku. Nani atapima kila asubuhi na kuongeza maji baridi yaliyopungua? Na maji hayo baridi yatoke wapi, maana ya mfereji yametiwa dawa ya klorini? Ya bahari nayo tutayachota wapi na lini? Kila mtoto wa Malindi anajua kwamba mvua zikinyesha bara, Sabaki huleta maji ya rangi ya chai. Kaskazi ikivuma, maji hayo husukumwa kusini hadi Malindi mjini na kwenye hifadhi. Kusi ikivuma, huelekea kaskazini. Basi anayetaka kuchota maji sharti ajue pepo, ajue mto, ajue bamvua na maji mafu. Wavuvi wetu wanajua haya yote bila kufungua kitabu. Mbona hatujamwalika hata mzee mmoja wa uvuvi kwenye mkutano wetu?

Isitoshe, kuna mambo ambayo hayahitaji hata sayansi. Tangi la lita 200 lina uzito wa zaidi ya kilo 200 kabla hujatia jiwe wala mchanga. Ile meza ya maabara ambayo mguu wake mmoja umeegemezwa kwa tofali, itauweza mzigo huo? Umeme ukipotea usiku, pampu ikazima, nani atajua? Samaki na matumbawe hawapigi kelele. Wao hukosa hewa kimya kimya, na asubuhi tunakuta harufu.

Na jambo kubwa kuliko yote: likizo. Tufungapo shule mwezi wa Agosti, na tena tufungapo mwisho wa mwaka hadi Januari, nani atabaki na tangi? Nimeuliza swali hili kwa watu wasiopungua kumi. Wote walinijibu, 'Atapatikana mtu.' Huyo Atapatikana Mtu nimemtafuta shule nzima, sijamwona. Ninamhofia sana bawabu wetu, maana mambo yote yasiyo na mwenyewe hatimaye humwangukia yeye.

Nne, sheria. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na ndani yake hairuhusiwi kutoa kitu: si samaki, si kombe, si tumbawe, hata liwe limevunjika na kulala mchangani. Huko nje ya hifadhi nako si shamba la bibi. Wanaovua samaki wa mapambo kwa ajili ya kuuza nchi za nje hufanya hivyo kwa leseni. Matumbawe magumu yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973 na ambao Kenya ni mwanachama, na hayavuki mpaka bila kibali. Kwa hivyo akija mtu nyuma ya ua la shule na ndoo yenye kitambaa juu, akatuambia ana tumbawe zuri kwa bei ya kutupa, tujue tunauziwa kesi. Wallahi sitaki kuona jina la shule yetu limeandikwa kwenye daftari la KWS badala ya kwenye orodha ya washindi wa sayansi.

Sasa niwajibu wanaonipinga, kwani nao wana hoja zao.

Wa kwanza husema, 'Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.' Wanahofu kwamba tukingoja mwaka mzima, ari itapoa, fedha tulizochanga zitaingia katika mambo mengine, na wa kidato cha nne walioanzisha wazo hili watakuwa wamekwenda zao. Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Lakini methali hiyo inamkanya mvivu anayekaa bila kufanya kitu. Mimi sisemi tukae. Nasema tufanye kazi kila wiki, isipokuwa tumbawe liwe la mwisho kuingia. Ama kuhusu fedha, kiko kitabu cha mweka hazina na yuko mwalimu mlezi. Na wa kidato cha nne nawaambia hivi kwa heshima: aliyepanda mnazi si lazima anywe madafu yake.

Wa pili husema bahari ni kubwa, kipande kimoja hakiipunguzi kitu. Bandu bandu huisha gogo. Shule za pwani ni nyingi, hoteli ni nyingi, watalii ni wengi, na kila mmoja akichukua kipande chake kimoja kisichopunguza kitu, mwamba utabaki jina.

Wa tatu, na huyu ndiye mwenye akili zaidi, husema: 'Matumbawe yanakufa baharini kwa joto. Si afadhali tuyaokoe kwenye tangi?' Ndugu yangu, nia yako ni njema. Lakini humwokoi mtu aliye katika nyumba inayovuja kwa kumhamishia katika nyumba ambayo bado haijaezekwa. Tangi dogo hupata joto upesi kuliko bahari, na hupoa upesi kuliko bahari. Wokovu wa namna hiyo ni wa kumtoa mgonjwa hospitali umlaze uwanjani.

Kama ni mfano wa kuokoa, tunao jirani hapa hapa Kilifi. Wazee na wavuvi wa Kuruwitu, upande wa Vipingo, waliona samaki wamepungua na mwamba umechoka. Hawakukimbilia kununua chochote. Walikaa, wakajadiliana, wakabishana, na katikati ya miaka ya 2000 wakakubaliana kutenga sehemu ya bahari ya kama hekta 30 pasivuliwe. Wakaiita tengefu. Fikiria uzito wa uamuzi huo: mvuvi anayetegemea samaki wa leo kwa chakula cha leo, anakubali kutovua mahali alipovua babake. Walisubiri miaka, si wiki. Samaki wakarudi, na mwaka 2017 jumuiya hiyo ikapewa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Hata upandaji wa matumbawe ulikuja baadaye, mwamba ulipokuwa tayari umepumzishwa. Ikiwa wenye njaa waliweza kusubiri, sisi tunaopikiwa maharage kila siku tunashindwa nini?

Basi ninapendekeza tufuate mpango huu, na chama chetu cha Kiswahili kiko tayari kusaidia kuandika taarifa zake.

Muhula wa kwanza: tusinunue kiumbe chochote. Tuimarishe meza, tuchague mahali pasipopigwa na jua la mchana, tujaribu pampu, na tuanze daftari la kupima joto la maji asubuhi, adhuhuri na usiku. Tukiona maji ya tangi tupu yanapanda joto kupita nyuzi 30, tutakuwa tumejua tatizo bila kuua mtu. Siku ya wazazi tuwaonyeshe daftari hilo na michoro. Mzazi mwenye akili atafurahi zaidi kuona mtoto wake anapima kuliko kuona tumbawe linalokufa.

Muhula wa pili: tuweke mchanga na mawe. Mawe hayo hatuna haja ya kuyang'oa baharini. Zitazameni kuta za madarasa yetu! Mawe haya ya kujengea yanayokatwa machimboni ni mwamba wa kale, matumbawe yaliyoishi yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilipokuwa juu zaidi. Yana matundu mengi, na bakteria hupenda matundu. Tuyaoshe, tuyaloweke wiki kadhaa, ndipo tuyatie. Kisha tupime amonia, nitriti na nitrati kila wiki hadi mbili za kwanza zifike sifuri.

Likizo ya Agosti iwe mtihani: tuandike zamu, kwa majina, za wale wanaokaa karibu. Zamu zikivunjika, tujue hatuko tayari.

Muhula wa tatu: samaki wawili watatu waliopatikana kwa njia halali, kwa ushauri wa maofisa wa uvuvi na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko hapa Kilifi. Likizo ya Desemba ndiyo mtihani wa mwisho. Samaki wakiwa hai Januari inayofuata, ndipo tuandike barua kuuliza kama tunaweza kuruhusiwa kutunza kipande cha tumbawe, na kwa masharti gani. Tukijibiwa hapana, basi mwamba wa Malindi uko pale pale. Maji yakipwa, mashua ya kioo itatupeleka tukaone matumbawe yakiwa nyumbani kwao, na tangi letu la samaki na mawe bado litakuwa fahari ya maabara.

Wenzangu, mkutano wa mwisho wa chama cha sayansi kabla ya kufunga shule ni Jumatano ijayo baada ya michezo. Nawasihi mhudhurie, na pendekezo la matumbawe ya Februari likisomwa, msipige makofi kwanza. Ulizeni maswali matatu tu: nani atapima, nani atabaki likizo, na kibali kiko wapi. Atakayeyajibu yote matatu, mimi wa kwanza nitambebea ndoo.

Subira yavuta heri. Kwa hayo machache naweka kalamu chini. Wasalaam.